Ngazi ya gari za spoti imekatwa vipandio vya chini

Tarehe 26 Agosti 2025, kiwandani Tochigi, Japani, Nissan ilitoa GT-R ya mwisho ya umbo la R35. Rangi yake zambarau iliyoiva, na mwenyewe ni mteja wa huko huko Japani. Gari hiyo ilitengenezwa miaka 18, zikatoka kama 48,000, na kila injini iliunganishwa kwa mkono na mmoja katika mafundi 9 mahodari walioteuliwa kwa kazi hiyo. Mkuu wa Nissan, Ivan Espinosa, alisema GT-R itarudi siku moja, lakini mpango kamili bado haujakamilika.

Kwa shababi wa Ghuba khabari ile ilikuwa kama msiba wa jirani. GT-R huku si gari ya kuonekana kwenye picha tu. Kuna mafundi Bahrain na Imarati ambao kazi yao ni kuifungua injini ile na kuipa nguvu mara mbili, mara tatu ya ilivyotoka kiwandani, kisha wanaipeleka kwenye mashindano ya mbio za moja kwa moja usiku, watu wamejaa, moshi wa mipira mpaka machoni. Lakini jambo la kuzungumza hapa si kufa kwa gari. Gari zote hufa. La kuzungumza ni bei yake ilivyokwenda kutoka siku ya kuzaliwa mpaka siku ya kuzikwa.

Ilipotoka Japani mwishoni mwa 2007 iliuzwa yen 7,770,000. Ilipofika Marekani mwaka uliofuata, bei yake ilianzia dola 69,850. Wakati ule Porsche 911 Turbo ilikuwa zaidi ya dola 120,000, na GT-R ikaenda Ujerumani, kwenye njia ya Nürburgring, ikazunguka kwa dakika 7 na sekunde 29. Porsche walikasirika, wakasema hadharani kwamba haiwezekani, na wao walipoijaribu hawakuupata muda ule. Mzozo ule ulikuwa tangazo bora kuliko lolote ambalo Nissan ingelilipia. Maana yake ilikuwa wazi: mhandisi, daktari kijana, mtu mwenye duka lake, alikuwa anaweza kununua kwa nusu ya bei gari ya kumtia tumbo joto tajiri.

Sasa tizama mwisho wake. Modeli ya 2024 Marekani, ile ya bei ya chini kabisa, ilikuwa dola 120,990. Ile ya Nismo, dola 220,990. Japani modeli ya 2025 ilianzia yen 14,443,000. Umbo lile lile, injini ile ile ya silinda 6 na tabo 2, imerekebishwa hapa na pale. Kwa riali za Oman, dola 120,990 ni kama 46,500, na hiyo ni bei ya Marekani, kabla hujaingiza usafiri, ushuru wala bima.

Atatokea mtu aseme: kila kitu kimepanda, hata mkate. Ni kweli, na tumpe haki yake. Dola 69,850 za 2008 ukizipiga kwa mfumuko wa bei wa Marekani zinakuwa kama dola 100,000 za leo. Kwa hiyo GT-R ilipanda kuliko mfumuko, lakini si kwa kiasi cha kupiga kelele. Porsche 911 ni ajabu zaidi. Carrera ya kawaida ya modeli ya 2020 ilikuwa dola 97,400, ya 2025 ikawa dola 120,100, na ukipiga hesabu ya mfumuko unakuta ni sawa sawa. 911 haikupanda bei. Imebaki pale pale ilipokuwa, juu.

Basi wanaolalamika wanalalamika nini? Jawabu ni kwamba wanatizama pahala sipo. Gari ya tajiri imekuwa ghali tangu siku ya kwanza na itabaki hivyo. Kilichobadilika ni chini yake. Gari za spoti zilikuwa na ngazi: kipandio cha kwanza cha kijana mwenye mshahara wa kwanza, cha pili cha aliyepandishwa cheo, cha tatu cha mwenye biashara, mpaka juu kabisa kwa mashekhe na wacheza mpira. Vya juu vipo, na vimeongezwa. Vya chini vimeng'olewa kimoja kimoja.

Datsun iliyoshinda Safari

Wazee waliokulia Mombasa, Kampala, Dar es Salaam au Arusha hawahitaji kuelezwa gari ya spoti ya mtu wa kawaida ilikuwaje. Waliiona ikipita mbele yao na tope. Mwaka 1971 mashindano ya East African Safari Rally yalichukuliwa na Datsun 240Z, dereva Mjerumani Edgar Herrmann na mwenzake Hans Schüller. Mwaka 1973 ikashinda tena, safari hii na Shekhar Mehta, Mhindi aliyezaliwa Uganda, akiwa na Lofty Drews. Siku zile Safari ilikuwa inapita nchi zetu zote tatu, na watu walilala njiani kusubiri gari zipite. Nyumba nyingi za Maskati na Dubai mpaka leo zina mzee anayeweza kukuhadithia sauti yake.

Gari ile haikutengenezwa kwa mfalme. Ilitoka Japani mwaka 1969, na aliyeisukuma sana ifike Marekani ni Yutaka Katayama, mkuu wa Nissan huko, ambaye wapenzi wa gari walimwita Bwana K. Bei yake ilikuwa dola 3,526. Ina boneti refu kama Jaguar E-Type, injini ya silinda 6, na ilikuwa rahisi kuliko hiyo Jaguar kwa kiasi kikubwa. Tena haikuwa inakufa njiani kila wiki. Mwalimu wa skuli Marekani aliweza kuinunua, na gari ya aina hiyo hiyo, imeongezewa chuma cha kuzuia faru na taa za ukungu, ikaenda kushinda kwenye mawe ya Kenya na matope ya Uganda. Hapo ndipo ilipokuwa raha ya mambo haya: gari yako na gari ya bingwa zilikuwa ndugu wa tumbo moja.

Miaka 5 kabla yake Ford walikuwa wameshafanya jambo kama hilo. Mustang ilizinduliwa tarehe 17 Aprili 1964, bei ikianzia dola 2,368, na kabla haijatimiza miaka 2 zilikuwa zimeshatengenezwa milioni 1. Chini yake ilikuwa gari ya familia ya kawaida, imevalishwa nguo ya harusi. Hiyo ndiyo ilikuwa siri: kuchukua injini na giaboksi ya gari ya kwendea sokoni, kuvipanga vizuri, kutia umbo la kupendeza, na kumuuzia kijana.

Mazda nao mwaka 1989 wakatoa MX-5, viti 2, paa la kukunja, gia ya mkono, dola 13,800 Marekani. Hawakugundua kitu kipya. Waingereza walikuwa wakitengeneza gari kama hizo zamani, tatizo lake zilikuwa zinavuja mafuta kila upande. Mazda walitengeneza isiyovuja. Mwaka 2016 walifikisha MX-5 ya milioni 1.

Orodha ya marehemu

Toyota Celica iliondoka 2006, na MR2 ikaifuata muda si mrefu. Mitsubishi Lancer Evolution, ile Evo ambayo vijana wa Nairobi wakiisikia wanageuza shingo, ilikoma 2016. Subaru WRX STI haikuendelea baada ya modeli ya 2021. Mwaka huo huo Lotus walifunga mlango wa Elise, gari ambayo ilipozaliwa 1996 haikufika hata kilo 750. Audi TT ilimalizika 2023 baada ya miaka 25. Dodge Challenger na Charger za silinda 8 ziliishia mwisho wa 2023, na Chevrolet Camaro ya modeli ya 2024 ndiyo ya mwisho. Porsche 718 za petroli, yaani Boxster na Cayman, zilikoma kutengenezwa Oktoba 2025. Toyota Supra mwisho wake ni modeli ya 2026. GR86, mojawapo ya chache zilizobaki kwenye kipandio cha chini, Ulaya haiuzwi tena.

Mtu wa Ghuba akiisoma orodha hiyo ataona kwamba waliokufa wengi ni jamaa zake. Camaro, Challenger na Charger zilikuwa gari za kijana wa hapa aliyepata kazi ya kwanza jeshini, benki au kwenye mafuta. Silinda 8, sauti nzito, viti vya nyuma vya kubebea wadogo zake siku ya Eid. Si gari za uhandisi mkubwa, na kwenye kona zilikuwa nzito kama ng'ombe wa gari, lakini farasi 370 na zaidi kwa bei ya Land Cruiser ndogo ilikuwa kitu ambacho duniani hakikupatikana kwingine.

Nani aliyeviondoa vipandio

Sababu ya kwanza ni sheria, na si za kipumbavu. Umoja wa Ulaya uliweka kwamba wastani wa moshi wa gari zote mpya za kampuni ushuke mpaka gramu 95 za kaboni kwa kilomita, na anayepita analipa yuro 95 kwa kila gramu iliyozidi, kwa kila gari aliyouza. Kisha Julai 2024 zikaanza kanuni za usalama kwa kila gari mpya: kifaa cha kumwonya dereva akizidisha mwendo, breki zinazojishika zenyewe, kitu cha kumtambua dereva anayesinzia. Wakati huo huo ikaingia kanuni ya kuilinda kompyuta ya gari isivamiwe na wezi wa mtandaoni, na hiyo ndiyo iliyoiondoa Porsche 718 kwenye soko la Ulaya hata kabla kiwanda hakijasimama.

Tatizo la vifaa hivi ni kwamba kamera na kompyuta zake hazijui bei ya gari. Gharama ya kuitia kamera gari ya dola 30,000 haitofautiani sana na ya kuitia gari ya dola 300,000. Kwenye ile kubwa inapotea ndani ya bei ya viti vya ngozi. Kwenye ile ndogo inakula faida yote. Na kama gari ndogo yenyewe inauzwa elfu chache kwa mwaka, mhasibu hahitaji dakika 5 kuamua.

Sababu ya pili ni sisi wenyewe. Watu wameacha kununua gari ndogo za milango 2, wamekwenda kwenye gari za juu. Tusiwacheke Wamarekani: hebu simama mlangoni pa Carrefour yoyote ya Maskati uhesabu. Porsche walilijua hilo mapema. Walipotoa Cayenne mwaka 2002 wapenzi wa 911 walilia kwamba kampuni imejidhalilisha, na Cayenne ndiyo iliyoleta pesa za kuiendeleza hiyo 911 yao.

Sababu ya tatu ndiyo ninayoiona nzito kuliko zote, na haisemwi sana kwa sababu haina wa kumlaumu. Kampuni zimegundua kwamba kuuza chache kwa ghali kunalipa kuliko kuuza nyingi kwa rahisi.

Mwalimu wa darasa hili ni Ferrari. Mwaka 2012 waliuza gari 7,318. Mwaka 2013 wakaamua kwa makusudi kupunguza, wakauza 6,922, na mapato yakapanda. Oktoba 2015 wakaingia soko la hisa la New York, na tangu hapo kila mwenye kampuni ya gari anaisoma ripoti yao kama msahafu wa biashara. Mwaka 2024 walikabidhi gari 13,752 na kupata faida ya yuro bilioni 1.5. Gawa mwenyewe: ni kama yuro 110,000 kwa kila gari, ingawa humo mna pia pesa za mashindano, leseni na vitu vinavyouzwa kwa jina lao. Faida ya gari moja peke yake inanunua MX-5 tatu na chenji inabaki.

Halafu kuna foleni. Ferrari F80 zitatengenezwa 799 tu, bei yuro milioni 3.6, na kuwa na hiyo pesa hakutoshi. Kampuni ndiyo inayochagua mteja, na inaanza na waliokwisha nunua nyingi. Kwa mtu aliyelelewa sokoni, pahala ambapo mwenye pesa ndiye anayembembelezwa, mambo haya ni kichekesho: muuzaji anakaa, mnunuzi anabembeleza.

Wengine wameiga. Ford, walewale wa dola 2,368, wametangaza Mustang GTD ya kama dola 300,000. Si mzaha, ni Mustang. Chevrolet wametoa Corvette ZR1 ya modeli ya 2025 yenye farasi 1,064 kwa dola 174,995. Porsche nao mwaka 2025 walisema 718 itakayokuja itakuwa ya umeme, na kwamba injini ya petroli itarudi, ila kwenye matoleo ya juu tu. Yaani sauti ya injini, kitu ambacho zamani kila gari ilikuwa nacho bure, sasa imekuwa bidhaa ya rafu ya juu.

Nini kinatokea huku kwetu

Kwenye Ghuba gari ni zaidi ya gari, na hilo hatulifichi. Aprili 2023, kwenye mnada wa sadaka Dubai, namba P 7 iliuzwa dirhamu milioni 55. Namba tu, bila gari. Mtoto anayekua akiona hivyo, kisha akapata kazi yake ya kwanza, hawezi kukubali kirahisi kuambiwa kwamba gari ya spoti si ya wewe.

Basi anakwenda shoorumu. Anakuta Mustang ya kawaida bado ipo, Nissan Z ipo, na bei zake mpya, na chaguo kadhaa alizotiwa na muuzaji, zinamfikisha kwenye dirhamu 200,000 au karibu yake. Imarati, kwa kanuni ya Benki Kuu, benki haikopeshi zaidi ya asilimia 80 ya thamani ya gari, na muda usizidi miezi 60. Tupige hesabu ya dirhamu 200,000: atoe 40,000 mkononi, abaki na 160,000 kwa miezi 60, ambayo ni dirhamu 2,667 kila mwezi. Hapo faida ya benki haijaingia, iwe mkopo wa kawaida au murabaha. Bima haijaingia, na kijana wa chini ya miaka 25 kwenye gari ya spoti bima yake haina huruma. Mipira ya nyuma haijaingia, na anayejua anavyoendesha kijana wa miaka 23 atajua kwamba hiyo ni hesabu ya peke yake.

Miezi 60 ni miaka 5. Ndani ya miaka 5 kijana anaposa, anaoa, anatafuta nyumba. Wazazi wengi wanaosoma hapa wameshawahi kukaa sebuleni na karatasi ya benki mezani, mtoto anasema "baba, sahihi yako tu," na mama anatizama pembeni asiseme neno.

Wasioweza hiyo wanakwenda kwenye zilizokwisha tumika. Na hapa ndipo kukatwa kwa vipandio kunapouma, kwa sababu gari za spoti za zamani zimegeuka dhahabu. Vijana waliozitamani miaka ya 1990 sasa wana miaka 45 na pesa za kuzirudisha ndoto zao. Nissan Skyline GT-R ya R34, ambayo Marekani kwa sheria yao ya miaka 25 haikuruhusiwa kuingia kirahisi mpaka hivi karibuni, ilianza kufunguliwa mlango mwaka 2024, na wanunuzi wa huko wakaenda Japani na mifuko wazi. Supra ya rangi ya chungwa iliyoonekana kwenye filamu ya The Fast and the Furious iliuzwa mnadani Las Vegas Juni 2021 kwa dola 550,000. Hiyo ni ya filamu, sawa, lakini Supra nyingine za miaka ile zilipanda nayo kama mashua ndogo zinavyopanda na maji.

Hata ndugu zetu wa Afrika Mashariki wanaliona hilo. Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyopita miaka 8, kwa hiyo kila gari ya spoti inayokoma Japani, baada ya miaka 8 inakoma na Mombasa. Vijana wa Nairobi na Subaru zao, wanaotaniwa kila siku kwa sauti zile za bomba la moshi, STI mpya hawana tena pa kuitoa. Na msifikirie kuwasaidia kutoka huku: usukani wetu ni kushoto, wao kulia.

Warid

Nimeliwacha hili mwisho kwa sababu ndilo linaloweza kumwua mtu.

Kijana asiyeweza kununua mpya kwa wakala, na asiyeipata nzuri iliyotumika kwa bei yake, anaangukia kwenye warid. Kila anayeishi huku analijua neno hili. Kuna gari ya Khaliji, iliyoagizwa na wakala kwa ajili ya Ghuba, na kuna iliyoletwa kutoka nje, sanasana Marekani. Warid si neno baya peke yake. Ziko safi, mtu kaleta gari yake kwa sababu alikuwa akisoma huko. Lakini Mustang, Camaro na Challenger nyingi zilizojaa kwenye matangazo, zile ambazo bei yake inakufanya uangalie mara mbili, zilinunuliwa kwenye minada ya Marekani baada ya kampuni ya bima kuziandika kwamba zimekufa. Zimegongwa, au zimezama kwenye mafuriko. Zinaletwa kwa meli, zinanyooshwa, zinapakwa rangi, zinang'arishwa mipira, na zinasimama kwenye uwanja wa kuuzia zikimngoja mtoto wa mtu.

Rangi haisemi kitu kuhusu mifuko ya hewa. Gari iliyogongwa mbele mifuko yake imepasuka, na mpya ni ghali. Kuna mafundi wanaoweka kifuniko kitupu na kuidanganya kompyuta isiwashe taa. Fremu iliyopinda ikanyooshwa hairudi na nguvu zake zile. Hapo chini yake kuna farasi 400 na dereva ambaye leseni yake ina miezi 8.

Kuna na jambo la joto. Gari iliyopangwa kwa Marekani ya kaskazini haina lazima rejeta na kipozea hewa vya kupambana na nyuzi 48 za Julai kwenye foleni ya Sharjah. Wengi huyajua haya baada ya kununua.

Kwa hiyo kama nyumbani kwako pana kijana anayezunguka na picha za Mustang kwenye simu, fanya hivi. Kabla ya bei, omba namba ya chesisi. Kwa gari iliyotoka Marekani, namba hiyo ukiipeleka Carfax kwa malipo madogo, huenda ukaletewa historia: iligongwa lini, iliandikwaje na bima, ilikuwa na maili ngapi. Mara nyingi namba hiyo hiyo ukiitafuta tu kwenye intaneti inakuletea picha za gari mnadani, boneti limekunjamana kama karatasi ya halwa. Muuzaji anayekataa kutoa namba ya chesisi ameshakujibu. Kisha ipeleke kwenye gereji ya kukagua ambayo si yake yeye wala ya rafiki yake, inyanyuliwe, iangaliwe fremu na mikanda ya kiti. Mkanda wa kiti una lebo ya mwaka wa kutengenezwa. Kama gari ni ya 2018 na mkanda ni wa 2021, uliza kwa nini.

Na kama anachotaka kijana ni kuendesha hasa, si kuonekana, basi MX-5 haijafa. Marekani bado inaanzia kama dola 30,000, na zile dola 13,800 za 1989 kwa pesa za leo ni kama dola 35,000. Yaani leo ni rahisi kuliko siku iliyozaliwa, pamoja na sheria zote nilizozitaja, na hapo kampuni zinazosema haiwezekani zinabaki na maswali ya kujibu. Huku haionekani sana. Shababi wanaiita gari ya kike, haina silinda 8, na buti lake ni lita 130, chupa za maji za kwenda Nizwa na ndugu watatu haziingii. Ina kilo elfu moja na kidogo, gia ya mkono, na kona ya mlima inaichukua pale ambapo Challenger imeshaanza kuomba dua. Ya kutumika, ya Khaliji, yenye kitabu cha sevisi, inapatikana ukiwa na subira ya kuangalia matangazo kila asubuhi.